Skafu za hariri za bei mbaya: maswali mnayoniuliza kila siku

Nauza kanga na mitandio Kariakoo, ila ugonjwa wangu mkubwa ni skafu za hariri, hasa zile za mraba za Kifaransa. Nikivaa moja dukani basi siku hiyo sifanyi biashara, najibu maswali tu. Nimeamua niyaandike yote hapa, mengine majibu marefu mengine ya mkato, mtanivumilia.

Hivi kweli skafu moja inauzwa zaidi ya euro 400? Ina nini?

Kweli kabisa. Hapo naongelea ile ya Hermès, kampuni ya kifahari ya Paris, ya sentimita 90 kwa 90, mpya, dukani kwao. Jina unalilipia, sikatai, na wala usidanganywe na mtu kwamba hulilipii. Ila ukiliweka jina pembeni bado kuna kazi. Kitambaa chenyewe kina kama gramu 65, hata nusu ya uzito wa simu yako hakifiki, na ndani ya hizo gramu 65 kuna vifukofuko kama 300 vya nondo wa hariri. Kila kifukofuko ni uzi mmoja tu mrefu umezungushwa, unaanzia mita mia kadhaa unafika mpaka kilomita moja na nusu. Kwa vile virefu piga hesabu mwenyewe, kilomita 450, yaani kama Dar mpaka Dodoma, zote zimekaa shingoni kwa mtu. Na hapo hatujafika kwenye rangi wala upindo, ambako ndiko pesa nyingi inakoenda.

Huo uzi unatoka wapi kwani?

Mdomoni kwa kiwavi. Kiwavi huyu kitaalamu anaitwa Bombyx mori, amefugwa maelfu ya miaka mpaka nondo wake siku hizi hawezi hata kuruka. Anakula majani ya mforosadi, asubuhi mchana usiku, kama mwezi mzima, anajivua ngozi mara 4, akishiba anaanza kutema ute mwembamba huku anazungusha kichwa, siku 3 hivi amejifungia ndani. Vifukofuko vinatiwa kwenye maji ya moto ili gundi ilegee, mtu anatafuta ncha ya uzi, anaunganisha nyuzi za vifukofuko kadhaa pamoja kwa sababu mmoja peke yake ni mwembamba mno.

Ule mng'ao mnaoupenda sio dawa imepakwa. Uzi wa hariri ukiukata una umbo linalokaribia pembetatu, mwanga ukipiga pale unavunjika kama kwenye kioo. Ndo maana hariri inang'aa kwa upole, wakati poliesta inang'aa kama mfuko wa biskuti.

Mdudu anakufa?

Ndiyo. Akiachwa atoke anatoboa kifukofuko na uzi unakatika vipande. Kuna wanaomwacha atoke, wanaiita hariri ya amani, lakini uzi wake inabidi usokotwe kama pamba na mng'ao unapungua. Kama hili linakusumbua rohoni, hilo ndo chaguo lako.

Si hariri ni ya Wachina? Wafaransa wameingiaje?

Ya Wachina, ndiyo, na siri waliibana kwelikweli kwa karne nyingi, kitambaa kinauzwa nje lakini mdudu haondoki. Ikavuja taratibu kwa majirani, halafu karibu mwaka 552 watawa wawili wakamletea mfalme Justinian kule Constantinople, Istanbul ya leo, mayai ya nondo, inasimuliwa waliyaficha ndani ya fimbo. Kutoka hapo ikatambaa mpaka Italia.

Ufaransa walikuwa wananunua hariri ya Kiitaliano na pesa inatoka nje ya nchi, si mnajua serikali zinavyochukia hilo. Mwaka 1536 mfalme François wa kwanza akampa mfanyabiashara mmoja, Étienne Turquet, ruhusa maalumu ya kufuma hariri kwenye mji wa Lyon. Basi Lyon ikawa Lyon. Wafumaji walikuja kujazana kwenye kilima cha Croix-Rousse, nyumba za pale dari ziko juu kama mita 4, sio kwa ajili ya hewa, ni kwa sababu mtambo wa kufumia ulikuwa mrefu hivyo na familia ilikuwa inalala humohumo pembeni ya mtambo.

Mtambo wenyewe ni wa Joseph Marie Jacquard, 1804. Kadi za karatasi ngumu zenye matundu, penye tundu uzi unanyanyuka, pasipo na tundu unabaki, hivyo maua yanajifuma bila mtu kukaa anavuta kamba. Mwaka 1839 wakafuma picha ya Jacquard mwenyewe kwa hariri kwa kadi kama 24,000, Mwingereza Charles Babbage akapata nakala akawa anaionyesha kwa wageni, maana kadi za matundu ndizo alizotaka kuzitumia kwenye mashine yake ya kupiga hesabu, babu wa kompyuta za leo. Kwa hiyo ndugu zangu wa IT mnaocheka mitandio, shikeni adabu.

Hao wafumaji walilipwa vizuri basi?

Hapana. Waliitwa canuts, na malipo yalikuwa yanapangwa na matajiri waliowapa uzi. Mwaka 1831 walikubaliana bei ya chini kabisa ya kazi, baadhi ya matajiri wakaikataa, wafumaji wakashuka kilimani na bendera nyeusi imeandikwa kuishi kwa kufanya kazi au kufa tukipigana. Wakaushika mji siku kadhaa. Jeshi likaletwa, ile bei ikafutwa. 1834 wakaamka tena, safari hii damu ilimwagika hasa, watu mamia. Kila mtu akiniambia skafu ni kitu cha kike cha mapambo tu namkumbusha hao.

Na hariri ya sasa bado inafugwa Ufaransa?

Kidogo sana. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa wa viwavi uitwao pébrine uliwamaliza. Louis Pasteur, mwanasayansi huyohuyo wa kuua vijidudu kwenye maziwa, alipelekwa kusini kule Alès mwaka 1865, akaja na njia ya akili: nondo akishataga unampima kwa hadubini, akiwa mgonjwa mayai yake yote unachoma. Ilisaidia ila biashara ilishahamia Asia. Uzi wa Hermès siku hizi unatoka sana Brazil, jimbo la Paraná, ambako wahamiaji wa Kijapani ndio waliopeleka ujuzi. Kufuma na kuchapa ndiko kumebaki maeneo ya Lyon.

Hermès si ni watu wa mikoba?

Kabla ya mikoba ni watu wa farasi. Thierry Hermès alifungua Paris mwaka 1837 anashona lijamu na hatamu. Skafu imekuja miaka 100 baadaye, 1937, na aliyeianzisha ni Robert Dumas, mkwe wa familia. Ya kwanza inaitwa Jeu des Omnibus et Dames Blanches, imechorwa watu wamekaa wanacheza mchezo wa mezani na kuzunguka kuna magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Yaani skafu yao ya kwanza ina picha ya daladala! Mimi hili huwa linanifurahisha kuliko yote.

Farasi hawajaisha mpaka leo. Ile maarufu zaidi, Brides de Gala ya mwaka 1957, ya mchoraji Hugo Grygkar, ni hatamu mbili za sherehe zimetazamana, basi. Hamna ua, hamna ndege.

Mbona kama kanga?

Asante kwa kuliona! Hii ndo hoja yangu ya siku zote na watu wa mitindo hawanielewi. Chukua skafu ya Kifaransa uitandaze mezani: ina mji katikati, ina pindo linazunguka pande zote nne, na ina jina limeandikwa humohumo ndani ya mchoro. Mwenzetu wa Paris anaziita kwa majina yake kama sisi tunavyosema nipe ile ya "mapenzi kikohozi". Tofauti ni kwamba jina lao halimpigi mtu kijembe.

Na undugu wenyewe upo, sio nautengeneza. Neno leso, wanalotumia wenzetu wa Mombasa kwa kanga, linatoka kwenye lenço la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua vitambaa hivyo vya mraba vikiwa bado vimeungana kwenye jora, wanakata na kushona sita pamoja wapate nguo moja pana. Kwa hiyo Wafaransa waliacha mraba ukabaki mraba, sisi tuliunga miraba sita tukajifunga kiunoni.

Rangi zinaingiaje bila kuchanganyikana?

Hapa kaa chini maana ndo kazi yenyewe. Mchoraji analeta mchoro wa ukubwa kamili. Anapewa mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuutenganisha rangi kwa rangi: nyekundu yote inachorwa peke yake, bluu peke yake, kivuli cha kahawia peke yake, mpaka unywele wa farasi. Mchoro mmoja unaweza kumchukua mamia ya masaa. Kisha kila rangi inatengenezewa fremu yake yenye neti nyembamba, sehemu zisizotakiwa zimezibwa. Skafu ya kawaida ina fremu 30 hivi, nyingine zinapita 40.

Hariri inanyooshwa juu ya meza ndefu, zaidi ya mita 100, inabanwa isicheze hata kidogo. Fremu ya kwanza inawekwa, rangi inamiminwa na kusukumwa na mpira, fremu inasogezwa kwenye skafu inayofuata, hivyohivyo mpaka mwisho wa meza, halafu wanarudi na rangi ya pili. Huanza na mistari ya mchoro. Fremu ya 27 ikikaa pembeni kwa unene wa kucha, kazi yote imeharibika. Baada ya hapo kitambaa kinapigwa mvuke ili rangi ishike, kinaoshwa kutoa gundi iliyochanganywa na rangi, kinakaushwa, ndo kinakatwa.

Na mchoro mmoja hutolewa kwa rangi tofauti tofauti, ndo maana unaweza kuona Brides de Gala ya bluu na nyingine ya waridi na zote ni halali.

Wachoraji ni Wafaransa tu?

Wala. Mmoja ninayempenda ni Kermit Oliver, Mmarekani mweusi wa Texas. Alikuwa anachora skafu za Hermès, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo, zaidi ya 15 kwa miaka mingi, na huku usiku anakwenda kazini posta ya mji wa Waco kupanga barua. Wanyama na mimea ya Texas na Wahindi Wekundu, amevichora mpaka manyoya unayahesabu.

Kuna nyumba nyingine za mitindo au ni Hermès tu?

Zipo nyingi, Italia mji wa Como ndo Lyon yao. Gucci wana ile ya maua inaitwa Flora, 1966, ilichorwa na Vittorio Accornero kwa ajili ya Grace Kelly, yule mcheza sinema aliyeolewa na mtawala wa Monaco. Uingereza wakati wa vita ya pili kampuni ya Jacqmar ya London ilikuwa inachapa skafu za kuhamasisha watu, na serikali nayo ikawa inachapa ramani kwenye hariri wanapewa marubani, ndege ikidunguliwa rubani anaitoa ramani haipigi kelele kama karatasi na hailowi ikachanika. Vita ilipoisha ramani zilizobaki ziliuzwa, watu wakashonea nguo.

Na sisi pwani, hariri tulikuwa nayo au tunaigiza tu?

Tulikuwa nayo kabla Hermès hawajazaliwa. Mreno Duarte Barbosa mwanzoni mwa karne ya 16 aliwaona watu wa Kilwa wamevaa nguo za thamani za dhahabu na hariri na pamba. Wafumaji wa Sofala, Msumbiji ya leo, alisema walikuwa wananunua nguo za rangi kutoka Cambay ya India, wanazifumua uzi kwa uzi, kisha wanaufuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Fikiria uvumilivu huo. Na Pate, kule visiwa vya Lamu, ilijulikana kwa nguo za hariri mpaka Wareno wakawa wanazifuata.

Kufuga pia kunajaribiwa. Kenya wana kituo cha taifa cha utafiti wa hariri pale Thika, na Kakamega kuna hariri ya viwavi wa porini. Rwanda nao wamo. Skafu za kufumwa kwa mkono kutoka huko nimezishika, ni nzito kidogo na zina mikwaruzo ya uzi, mimi ndo nazipenda hivyo.

Mume wangu Muislamu, naweza kumnunulia?

Hariri halisi kwa mwanaume, wanazuoni wengi wanasema hapana, kwa mwanamke ruksa. Ipo hadithi ya maswahaba wawili waliruhusiwa kwa sababu ya muwasho. Wahindi wa Gujarat walitengeneza kitambaa kinaitwa mashru, hariri inatazama nje na pamba ndo inagusa mwili. Muulize shehe wako, mimi ni muuza mitandio. Mnunulie kikoi.

Wewe unauza mtandio wa hariri elfu 15, mbona bei ndogo?

Mimi sijawahi kusema ni hariri! Ni satini. Sikilizeni vizuri maana hapa ndo watu wengi wanapigwa: satini ni jina la namna ya kufuma, sio jina la uzi. Uzi unarukishwa juu ya nyuzi nyingi ili uso uwe laini. Ukifuma hivyo kwa hariri unapata satini ya hariri, ukifuma kwa poliesta unapata satini ya poliesta, na karibu yote inayotembea Kariakoo ni poliesta. Sio dhambi, ni nzuri na inafulika, ila iitwe jina lake.

Zile skafu za Kifaransa nyingi sio satini kabisa, ni twili. Ukiitazama karibu sana utaona vimistari vya mshazari kama kwenye jinsi. Ndo inafanya kitambaa kiwe na mwili, fundo likikaa limekaa.

Uzito unapimwa kwa momi. Momi moja ni gramu 4.34 kwa mita ya mraba. Skafu ya maana iko kama momi 18, zile nyembamba za kupepea ni 8 hivi.

Nitajuaje kama ni hariri?

Ile ya kupitisha kwenye pete achaneni nayo, hata poliesta nyembamba inapita. Njia ya uhakika ni kuchomoa uzi mmoja, mmoja tu, uuchome. Hariri inanuka nywele zilizoungua, majivu yanasagika kwa vidole. Poliesta inanuka plastiki, inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Chomea juu ya sahani, sio kwenye mtandio wa mama mkwe.

Mimi mwenyewe nilishapigwa. Niliona skafu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, boksi la rangi ya chungwa, riboni ya kahawia, kama la Hermès, nikatuma laki mbili na nusu sijauliza mara mbili. Ilipofika nikaipenda siku tatu. Siku ya nne nikachomoa uzi. Chumba kizima kilinuka beseni limeungua.

Feki ya hariri halisi je?

Hiyo ngumu zaidi, maana zipo feki za hariri kweli. Angalia upindo. Orijino upindo haupigwi cherehani, mtu analowesha vidole kidogo, anauviringisha ukingo uwe kama uzi mnene, anaushona kwa sindano na uzi wa hariri wa rangi ileile, pande zote nne, nusu saa na kuendelea kwa fundi mzoefu. Kwa hiyo upindo unatakiwa uwe mviringo umevimba, ukiukuta bapa kama umepigwa pasi kaa chonjo. Hermès wanaviringishia upande wa mbele, nyumba nyingine nyingi upande wa nyuma. Mishono isiyolingana kidogo sio kasoro, ndo dalili ya mkono. Halafu geuza: rangi iwe imepenya mpaka nyuma vizuri. Boksi lisikutie wazimu, boksi linachapwa popote.

Inafuliwa vipi, na jasho letu hili?

Mpelekee dobi anayefua kwa dawa bila maji (dry cleaning) na umwambie ni hariri. Ukifua mwenyewe rangi nzito zinaweza kuchuja, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe na hakuna wa kukusaidia. Pasi ya uvuguvugu, upande wa nyuma, na upindo usiukanyage na pasi hata siku moja. Usianike juani, hariri nyeupe inageuka njano. Pafyumu jipulizie kwanza, ikikauka ndo uvae. Usiiweke kwenye nailoni, funga kwa kitambaa cha pamba.

Nivae kama hijabu?

Ya 90 wengi inawabana, haifiki kifuani. Tafuta ya 140. Na pini usitumie, tundu la pini kwenye hariri halizibi, kuna vile vibanio vya sumaku.

Mitumba zinapatikana?

Zinapatikana, ila ni bahati na kuamka mapema. Ninayoivaa sana niliitoa kwenye fungu la vitambaa vya mezani, elfu 3, haina lebo, doa la chai kona moja na upindo wa kona hiyo umefumuka kama urefu wa kiganja. Doa limebaki mpaka leo. Upindo niliamua niurudishie mwenyewe, nikaangalia zile kona nzima namna zilivyoviringishwa, nikalowesha vidole, nikashona. Urefu wa kiganja ulinila jioni mbili, na ukiiangalia utajua palepale ni wapi alishona fundi na wapi nimeshona mimi.